Visanduku Vitatu kwa Runinga Moja

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, kwa maana nguzo za umeme zilikuwa zimeshapanda milima ya Umatengo na watu wameshazoea kulala na taa, palikuwa na mkulima wa kahawa katika kijiji cha Lipumbuka, jina lake Adelhelm Kapinga. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma. Alikuwa na shamba zuri la kahawa kwenye kijito cha Mnyati. Alikuwa na runinga moja na watoto watatu. Mke hakuwa naye, maana mkewe, Batlida, alipotea.

Sikilizeni alivyopotea. Siku hiyo ilikuwa ya sherehe. Binti yao, Winfrida, alikuwa amepata Kipaimara kanisani asubuhi, na mchana nyumba ikajaa watu. Wali ulipikwa kwa masufuria makubwa, pombe ikanyweka, ngoma ikapigwa hadi jua likazama. Katikati ya ngoma Batlida alichukua ndoo, akasema maji ya wageni yamekwisha, anakwenda kuchota. Hakurudi. Ndoo nayo haikurudi. Walimtafuta kijitoni, kwa sababu mtu aliyetoka na ndoo hutafutwa kijitoni. Walikagua kila kidimbwi na kila kichaka cha matete. Hawakupata hata kandambili.

Maneno yakaanza. Wengine walisema ametoroka na mnunuzi wa kahawa. Wengine, na hawa ni ndugu zake Batlida wenyewe, walisema Adelhelm alimfuata, akamuua na kumfukia shambani, na katika ulevi ule hakuna mgeni aliyeweza kuapa kwamba alimwona uani muda wote. Adelhelm alikaa mahabusu, akatoka kwa kukosekana ushahidi. Lakini kutoka kwa kukosekana ushahidi si kusafishwa. Kanisani, wakati wa kupeana amani, shemeji zake walimruka wakampa mkono mtu aliyekaa nyuma yake. Miaka ikaenda hivyo. Mwanawe wa kwanza, Gaudens, akakua, akawa mwalimu huko Njombe, akaacha kuja nyumbani. Hakumwambia baba yake sababu, na Adelhelm hakumwuliza. Aliijua.

Sasa, siku ile ya sherehe, aliyepiga video alikuwa Otmar, kaka yake Batlida. Alikuwa mtu wa kwanza pale kijijini kuwa na kamera ya kisasa, ile isiyotumia kanda. Dada yake alipopotea, Otmar aliihamishia video ile kwenye diski, akaifungia sandukuni, asiitazame tena. Alisema hana macho ya kumwangalia dada yake akicheka. Hakumpa mtu, na hakuna aliyeiomba. Mpaka Otmar alipofariki, ndipo mjane wake, Osmunda, alipopanda kilima na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa.

"Shemeji," alisema, akibaki mlangoni, "hii ni ya nyumba yako. Mimi sitaki kufa nayo."

Adelhelm aliichomeka diski kwenye deki yake siku hiyo hiyo. Deki ikafikiri, ikafikiri, kisha runinga ikaandika kwamba faili hilo halitambuliki. Akachomoa, akachomeka tena. Halitambuliki. Mkewe alikuwa humo ndani, kwenye kitu kidogo kama pakiti ya sigara, naye hakuwa na mlango wa kumtolea.

Basi akawapigia simu watoto wake, mmoja baada ya mwingine, na wote aliwaambia maneno yale yale.

"Video ya siku ile imepatikana. Deki yangu haiisomi. Njooni Jumamosi, kila mmoja aje na mashine anayoiamini. Runinga yangu ni kuukuu, ina tundu moja tu la kupokea waya, kwa hiyo nitabaki na mashine moja. Mashine itakayobaki kwenye runinga yangu, mwenyewe ndiye atakayebaki na shamba la Mnyati nikifa."

Msimlaumu kwa kuweka shamba mbele. Alijua bila shamba wasingekuja wote.

Walikuja. Ilikuwa mwezi wa Juni, mwezi wa ukungu kule milimani, na alasiri ile ukungu ulishuka mapema, ukaziba kilima cha pili, ukaziba migomba, ukasimama uani kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Gaudens alifika na gari la kukodi. Alimsalimia baba yake kwa kuinamisha kichwa, asimpe mkono. Winfrida, muuguzi wa Songea, alifika na unga na sabuni, akaanza kufagia kabla hajakaa. Oswin, kitinda mimba, fundi cherehani, alifika kwa miguu kutoka barabarani, amekumbatia boksi la maandazi lililofungwa kamba.

Huyu Oswin mama yake alipopotea alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Sura ya mama aliijua kwa picha moja iliyofifia. Sauti yake hakuijua kabisa. Kila alipowauliza wakubwa wake sauti ya mama ilikuwaje, walimwambia, "Nzuri tu," wakabadilisha mazungumzo.

"Nani anaanza?" Adelhelm aliuliza.

"Mkubwa," alisema Winfrida.

Gaudens akafungua mfuko, akatoa mashine kubwa ya bati zito, nyeusi, ina taa ya bluu mbele. Akaisifu kama mwalimu anavyosifu kitabu. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya runinga za zamani. Haihitaji intaneti, na picha yake hata ukiikuza haichafuki.

"Nimeichagua kwa sababu ya picha," alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama baba yake machoni. "Nataka kila kitu kionekane."

Adelhelm akaelewa. Mwanawe alikuwa ameleta mashine ya kumkamatia.

Gaudens akachomeka diski na waya. Taa ya bluu ikapepesa. Na runinga ikafunguka.

Uani kwao, jua kali. Watu wa zamani wakiwa vijana. Waliokwisha kufa wakitafuna wali. Picha ilikuwa safi kiasi kwamba Winfrida aliweza kuona doa la mchuzi kwenye gauni lake jeupe la Kipaimara. Lakini sauti haikuwepo. Gaudens alibonyeza rimoti, akazungusha, akachomoa na kuchomeka. Hakuna. Vinywa vilifunguka, mikono ikapiga ngoma, miguu ikatimua vumbi, na chumbani kukawa kimya hata walisikia ukungu ukidondoka matone kwenye bati.

Kisha picha ikayumba, ikatulia. Otmar alikuwa ameiweka kamera juu ya kigoda kando ya migomba, pengine akaenda kula, akaiacha ikiendelea kuchukua. Wachezaji wakaonekana wote kwa pamoja. Katikati yao alikuwa Adelhelm mwenyewe, shati limelowa jasho, anacheza amefumba macho.

Na Batlida akapita.

Alipita karibu sana na kamera, ndoo mkononi, kitambaa cha njano kichwani. Oswin akatoa sauti ndogo kooni. Batlida alifika ukingoni mwa picha, na badala ya kushuka kulia kwenye njia ya kijito, akapanda kushoto, kwenye migomba. Kabla ya kuingia akageuka. Waliokuwa uani siku ile hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama, lakini yeye aliangalia moja kwa moja kwenye kioo cha kamera, akaangalia kwa muda mrefu, na Adelhelm akahisi nywele za shingoni zikimsimama, maana aliona kwamba mkewe hamwangalii Otmar wala mgeni yeyote. Anaangalia sebuleni. Anawahesabu waliokaa.

Kisha akaingia migombani. Wachezaji wakaendelea, na Adelhelm wa kwenye picha akaendelea kucheza, akacheza, akacheza, hajatoka hata hatua moja, hadi jua likashuka na picha ikaisha.

Gaudens alikuwa amesimama. Taratibu akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, yeye mwalimu, mtu mzima mwenye mvi, akaishika miguu ya baba yake.

"Baba. Ulikuwa unacheza. Muda wote ulikuwa unacheza."

"Nilikwambia lini kwamba nilikuwa naenda mahali pengine?"

"Hukuniambia. Mimi sikukuuliza. Nilisadiki tu."

Adelhelm akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.  Mzigo alioubeba miaka yote ile ulimtoka mabegani, na ajabu yake, alijisikia baridi, kama mtu aliyevuliwa koti.

"Alikwenda kushoto," alisema Winfrida polepole. "Kushoto kuna nini? Sote tulitafuta kulia."

"Kuna pori la marehemu Hyera," alisema Adelhelm. "Hakuna maji kule." Na wakati akisema hivyo, kitu fulani kilimjia akilini, kikapotea kabla hajakishika.

Ikawa zamu ya Winfrida. Mashine yake ilikuwa kisanduku kidogo cha plastiki, ukubwa wa kipande cha sabuni, alichonunua dukani Songea kwa sababu wauguzi wenzake wote walikuwa nacho. Kina miziki, kina hotuba, kina misa. Akachomoa waya na diski kwa kaka yake, akavichomeka kwake.

Runinga ikawa nyeusi. Ikabaki nyeusi. Wakangoja. Oswin alikuwa anataka kusema kitu, ndipo ngoma zikalipuka.

Sauti ilikuwa imejaa kama ngoma zenyewe zimo chumbani. Vigelegele, vicheko, mtu akiita, "Leteni chumvi huku!" Lakini picha hakuna, giza tupu kwenye kioo, na katika kioo hicho wakajiona wenyewe wanne, wamekaa kwenye viti, wamejikunyata. Wakasikia kigoda kikiburuzwa, kamera ikiwekwa. Wakasikia kandambili zikipita karibu, na ndoo ikigonga goti la mtu. Wakasikia majani ya migomba yakikwaruza.

Ngoma zikaendelea. Na chini ya ngoma, kwa mbali, kukawa na sauti nyingine.

Winfrida ndiye aliyeisikia kwanza. Alishika shavu lake. Akachukua rimoti, akaongeza sauti hadi vikombe mezani vikatetemeka, na sasa wote wakasikia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, yenye mwangwi, kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Niko huku chini!"

Ngoma.

"Jamani! Niko huku chini! Adelhelm! Mbao zimekatika! Niko huku chini!"

Ngoma, vigelegele, mtu akicheka karibu kabisa na kamera. Sauti ikaita. Ikamwita mume wake, ikamwita Gaudens, ikamwita Winfrida. Ikamwita Oswin, ambaye alikuwa hajui hata kutamka jina lake mwenyewe. Iliita hadi ikakauka, ikawa kama upepo, na juu yake ngoma haikukosa hata pigo moja.

Oswin alikuwa analia bila kujua. "Ndiyo yeye?" aliuliza. "Dada, ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo yeye."

Adelhelm alikuwa ameshika kifua. Sasa alijua yeye mwenyewe alikuwa akifanya nini wakati mkewe alipokuwa akimwita. Alikuwa akicheza amefumba macho. Bora wangeendelea kumwita muuaji, aliwaza, kuliko kulijua hili.

Ngoma zikakoma. Mwishoni mwa sauti, pale ambapo kwenye picha jua lilikuwa limeshuka, kukawa na ukimya na pumzi. Kisha, bila mwangwi, bila umbali, kama mtu aliyeinama kwenye sikio, Batlida akasema kwa upole:

"Adelhelm, mbona umekaa tu?"

Kikombe kikaanguka. Hakuna aliyeinama kukiokota.

"Zima," alisema Gaudens. "Imeisha. Zima. Baba, ni kisima cha Hyera. Kile cha kabla ya bomba. Kilifunikwa mbao. Sasa tumejua, twende tukawaite watu, video inatosha."

"Pori lile ni kubwa," alisema Adelhelm. Ni kweli. Kisima kile kiliachwa tangu bomba la kijiji lilipokuja, nyasi zikakimeza, mwenyewe akafa, na hakuna aliyekumbuka kilikuwa upande gani wa pori. Batlida, aliyezaliwa jirani na pale, labda ndiye pekee aliyekikumbuka, na bomba lilipokauka siku ya wageni wengi, akaona kijito kiko mbali.

"Na mimi je?" alisema Oswin. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kaka umemwona. Dada umemsikia. Ninyi mlikuwa naye. Mimi sijawahi kumwona akisema. Naomba mara moja tu. Na mimi nimeleta mashine."

 Akafungua kamba za boksi, akatoa deki kuukuu, pembe zimelika, vitufe havina maandishi. Aliipata kwenye banda la video lililofungwa. Mwenye banda alimwambia kwamba hiyo haichagui faili. Ya kizamani, ya kisasa, iliyoharibika, yote inasoma. Kisha akamwambia jambo jingine ambalo Oswin alidhani ni utani wa muuzaji: kwamba alilifunga banda kwa sababu deki ile haijui kuacha.

Oswin akachomoa waya na diski kwa dada yake, akavichomeka kwake.

Ikasoma. Picha na sauti, pamoja, laini kama maji. Batlida akapita na ndoo, na alipopita alikuwa anaimba kidogo kwa pua, na Oswin akacheka kwa machozi kwa sababu sasa alijua mama yake alikuwa anaimba vibaya. Akageuka. Akaingia migombani. Akaita, akaita. Wakaziba nyuso zao. Jua likashuka. Picha ikafika mwisho.

Haikuisha.

Uani pakawa patupu. Viti, masufuria, vumbi. Ukungu ukaanza kuingia kwenye picha kutoka pembeni, ingawa siku ile ya sherehe haikuwa na ukungu. Kisha kamera ikainuka kutoka kwenye kigoda. Hakuna mkono ulioonekana. Iliinuka hadi urefu wa macho ya mwanamke, ikageuka kushoto, ikaanza kutembea.

"Otmar alirudi kuichukua," alinong'ona Winfrida.

"Otmar alikuwa mrefu," alisema Gaudens.

Ikapita migombani. Ikapita ua wa Hyera ulioanguka. Ikapanda kichuguu, ikashuka penye mti wa mpera uliogawanyika matawi mawili, ikasimama. Ikainama. Nyasi zikajitenga zenyewe, mbao mbovu, tundu jeusi. Na ndani ya tundu, chini kabisa, uso. Kitambaa cha njano. Hakuzeeka hata siku moja.

"Umechelewa," alisema Batlida. "Lakini si neno. Njoo, mume wangu. Huku hakuna baridi."

Adelhelm hakujua kwamba ameinuka. Alichojua ni kwamba baridi iliyomwingia pale Gaudens alipomshika miguu sasa ilikuwa inamtoka. Alihisi ukungu usoni, laini, wa vuguvugu. Alihisi majani ya migomba. Miguu yake ilijua njia. Mbele yake sauti ya mkewe ilikuwa ikiimba kwa pua, vibaya, kama zamani akiosha vyombo, naye alifurahi, alifurahi kama bwana harusi. Nyuma yake, mbali, watu fulani walikuwa wakipiga kelele. Mwanamume mmoja alikuwa akiita, "Baba!" Mwanamke mmoja alikuwa akiita, "Baba, simama!" Walikuwa wakimfuata na kumpoteza ukunguni. Hawakumhusu.

Ua ulioanguka. Kichuguu. Mpera wenye matawi mawili.

"Hatua moja tu," alisema Batlida.

Sebuleni alikuwa amebaki Oswin peke yake. Miguu yake ilikataa kumkimbilia baba, kwa sababu macho yake yalikataa kuiacha runinga. Mama yake alikuwa ameinua uso, anatabasamu. Na kwenye picha, juu ya tundu, Oswin akaona mguu wa mtu mzee, hauna kiatu, ukiingia kutoka pembeni. Akautambua ule mguu. Mama yake akageuza macho, akamtazama yeye, Oswin, akafungua kinywa kumwita kwa jina.

Oswin akauvuta waya wa umeme ukutani kwa mikono miwili.

Kule porini, wimbo ukakatika. Adelhelm akajikuta amesimama ndani ya ukungu wa kawaida, ukungu wa baridi, mguu mmoja juu ya ubao uliooza, na ubao unalia. Gaudens alimrukia kwa nyuma, wakaangukia nyasini. Ubao ukaenda. Walisikia ukishuka, ukigonga kuta za kisima, na wakangoja muda mrefu kuusikia ukifika.

Asubuhi wanaume wa kijiji walishuka kwa kamba. Walimtoa Batlida akiwa ndani ya blanketi: mifupa, rozari, mpini wa ndoo, na kipande cha kitambaa ambacho bado kilikuwa na rangi ya njano. Ndugu zake walikuja. Gaudens aliwasimulia ile picha isiyo na sauti kwa kumbukumbu yake tu, akieleza hatua kwa hatua jinsi baba yake alivyokuwa anacheza, maana video yenyewe haikuwepo tena. Umeme ulipokatwa ghafla, diski ilikwaruza mara moja ikafa. Fundi wa Mbinga aliifungua, akatikisa kichwa. Lakini Gaudens ni mtu aliyejulikana miaka yote kuwa hampendi baba yake, kwa hiyo walimwamini. Siku ya mazishi shemeji zake Adelhelm walimpa mkono, mmoja mmoja, hadharani.

Siku ya kumaliza matanga, wageni walipoondoka, watoto watatu waliketi mbele ya baba yao. Gaudens alianza.

"Baba, ulisema mashine moja itabaki. Bila mashine yangu, wewe bado ungekuwa muuaji. Picha yangu ndiyo iliyokutoa kwenye midomo ya watu. Picha yangu ndiyo iliyosema kushoto. Na mikono yangu ndiyo iliyokudaka kisimani. Nimekosa kwa kukudhania, nimeomba radhi. Lakini shamba ni langu."

Winfrida akasema, "Baba, bila mashine yangu, kushoto kungekuwa pori tu. Mngesema alitoroka kwa njia ya kushoto, basi. Sauti ndiyo iliyosema kisima. Tena Kaka Gaudens alileta mashine yake ili akufunge. Mimi niliileta yangu ili nimsikie mama. Najua nilichokuletea kimekuumiza, na nimekuona huli. Lakini ni kweli, na ni maneno yake. Shamba ni langu."

Baba yake akamgeukia Oswin. "Sema na wewe."

"Baba, bila mashine yangu msingekipata kisima. Lile pori mngelifyeka mpaka masika. Ni kweli mashine yangu ilitaka kukuua. Ila mimi ndiye niliyeizima, na nilipoizima mama alikuwa anafungua mdomo kuniita. Kaka ana kumbukumbu zake. Dada ana zake. Mimi nilikuwa na ile tu." Akafuta uso kwa kiganja. "Sijui kama shamba ni langu. Lakini si lao."

"Ndiyo maana hatuna video," alisema Gaudens, si kwa ukali. "Ungeweza kuipunguza sauti. Ungeweza kuifunika kwa kanga. Umemfuta mama."

"Kaka, ulitaka achague nini?" alisema Winfrida, kisha akanyamaza, kwa sababu aliona amemtetea mtu anayegombea naye.

Adelhelm aliwasikiliza wote. Wa kwanza alikuwa amemrudishia jina lake, lakini alikuja kulichukua. Wa pili alikuwa amempa maneno ya mwisho ya mkewe, na maneno hayo sasa yalikaa naye kila anapofumba macho. Wa tatu alimwitia mauti sebuleni kwake, kisha akamwokoa kwa kumpoteza mama yake mara ya pili, na kwa mkono huo huo akamnyima Adelhelm uso aliokuwa, Mungu amsamehe, bado anautamani.

 Akawaambia wampe hadi wiki ijayo. Wiki ikaja, akaomba nyingine. Mzee yule hana usingizi, na watoto wake wamekaa nyumbani wanangoja, hawagombani, hawaongei.

Nanyi mliosikia, msaidieni. Mkisema ni Gaudens, mwambieni Oswin mnachompa badala ya sauti iliyokuwa inataka kumtaja jina. Mkisema ni Oswin, mwambieni Winfrida kwa nini ukweli unaoumiza haulipwi. Mkisema ni Winfrida, mtazameni Gaudens, aliyepiga magoti.

Shamba ni moja, na runinga inapokea waya mmoja. Haya, semeni: nani alistahili?